Kuacha Postidoki ya Saikolojia Kabla ya Muda na Bado Kupata Leseni Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenzetu waliopata shahada ya uzamivu ya saikolojia Marekani, wakaingia mwaka wa mafunzo ya baada ya uzamivu, ule tunaouita postidoki, kisha wakaona hawataweza kufika mwisho. Mimi niliondoka kwenye yangu baada ya miezi minane. Leo nina leseni na ninahudumia wagonjwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa kila mara, mengi usiku, na mengi na watu ambao hawajamwambia mtu mwingine yeyote. Ada na kanuni hubadilika, kwa hiyo kabla ya kuchukua hatua soma kanuni za bodi ya jimbo unalotaka leseni. Za jimbo la rafiki yako hazitakusaidia.

Nikiondoka kabla ya mwaka kuisha, leseni nimeikosa?

Hujaikosa. Postidoki na leseni ni vitu viwili, na wengi wetu tumevichanganya kwa sababu vinakuja pamoja. Postidoki ni nafasi ya kazi na mafunzo unayopewa na hospitali, kliniki au chuo. Leseni inatolewa na bodi ya saikolojia ya jimbo. Bodi haina haja sana na cheti chako cha kumaliza. Inachotaka kujua ni saa ngapi umefanya kazi chini ya usimamizi, nani alikusimamia, yeye mwenyewe alikuwa na leseni, na je, yuko tayari kuthibitisha hayo kwa saini yake.

Ukiielewa tofauti hiyo, hofu inapungua nusu. Nusu iliyobaki ni karatasi.

Bodi zinadai saa ngapi?

Kila jimbo lina hesabu yake. Karibu yote yanaanzia kwenye mwaka wa utarajali, ule unaofanywa kabla ya kutunukiwa shahada, kisha mengi yanaongeza saa za baada ya shahada. Haya ndiyo majimbo ninayoulizwa zaidi.

California inataka saa 3,000 kwa jumla, na angalau 1,500 kati ya hizo ziwe za baada ya uzamivu. Kila fungu la saa 1,500 likamilike ndani ya miezi 30 mfululizo, na haikubali zaidi ya saa 44 kwa wiki hata kama ulilala kliniki. Texas inataka 3,500, yaani 1,750 za utarajali na 1,750 za baada ya shahada. New York inahesabu miaka miwili ya kazi, kila mwaka saa 1,750. Florida ndiyo ndefu: 4,000, nusu utarajali na nusu baada ya shahada, na katika zile 2,000 za mwisho lazima angalau 900 ziwe za kukaa na wagonjwa au kazi inayowahusu moja kwa moja.

Ona maana yake. Mtu aliyefanya saa 1,550 za baada ya shahada na kuondoka baada ya miezi kumi anaweza kuwa amemaliza California, huku Florida bado anadaiwa 450. Mtu ni yule yule na kazi ni ile ile, lakini hali yake ni mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila anayenipigia huwa ni moja: unataka leseni ya wapi?

Ni kweli kuna majimbo yasiyodai saa za baada ya shahada?

Ni kweli, na inasikitisha kwamba wengi huambiwa wakiwa wameshateseka. Mwaka 2006 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilibadili msimamo wake. Kilisema miaka miwili ya mafunzo yenye usimamizi bado inahitajika, lakini si lazima mmoja wao uwe baada ya kuhitimu. Saa za mafunzo ya vitendo yaliyopangwa vizuri kabla ya utarajali zinaweza kuchukua nafasi hiyo. Sababu yao ilikuwa wazi. Wanafunzi walikuwa wanamaliza masomo wakiwa na saa nyingi kuliko kizazi kilichotunga kanuni za zamani.

Msimamo wa APA si sheria. Kila jimbo lililokubali lilibidi libadili kanuni zake lenyewe, na mengine hayajafanya hivyo mpaka leo. Washington (jimbo la magharibi, si mji mkuu), Ohio na Arizona ni kati ya yale yanayokubali saa za kabla ya shahada, kwa masharti. Washington inadai jumla ya saa 3,300, na Arizona 3,000. Masharti ndiyo yanayowakwamisha watu: saa hizo za zamani ziwe zilipangwa na chuo, ziwe na usimamizi wa kiwango fulani kila wiki, na ziwe na mtu wa kuzithibitisha.

Kama mafunzo yako ya vitendo ya mwaka wa tatu na wa nne yalikuwa mazito, yatafute kabla hujasema postidoki yako imeharibika na huna njia nyingine. Mwandikie mkurugenzi wa mafunzo wa chuo chako cha zamani leo. Watu hustaafu na kumbukumbu hupotea.

Saa nilizokwisha kufanya zitahesabiwa zote?

Usizihesabu kwa kuzidisha wiki mara 40. Wengi wanaanguka hapo.

Tuseme umefanya wiki 30, saa 40 kila wiki. Kwa macho ni saa 1,200. California inataka usimamizi uwe angalau asilimia 10 ya muda uliofanya kazi wiki hiyo, na ndani yake iwepo angalau saa moja ya ana kwa ana, wewe na msimamizi wako peke yenu. Kwa wiki ya saa 40 hiyo ni saa 4 za usimamizi. Kama kliniki ilikuwa na shughuli nyingi ukapewa 2 tu, basi saa unazoweza kudai wiki hiyo ni 20. Zile 1,200 zimegeuka 600 bila wewe kujua. Florida nayo inadai saa 2 za usimamizi kila wiki, moja iwe ya ana kwa ana. Likizo, siku za ugonjwa na sikukuu kwa kawaida hazihesabiwi.

Kuna pia suala la mwanzo. California inataka mkataba wa usimamizi uandaliwe na nyote wawili kabla ya saa ya kwanza kufanyika. Majimbo mengine yanataka uwe na kibali au usajili wa muda kabla ya kuanza, na saa zilizofanyika kabla ya kibali hicho zinaweza kukataliwa. Angalia tarehe ya karatasi yako ya kwanza, kisha angalia tarehe uliyoanza kuona wagonjwa.

Habari njema ni kwamba bodi nyingi zinakubali kuunganisha saa kutoka sehemu mbili. Si lazima zote zitoke kwenye kituo kimoja. Uliza mambo mawili tu: kama kuna kiwango cha chini cha saa au miezi kwa kila kituo, na kama kuna muda wa mwisho ambao zote lazima ziwe zimekamilika.

Nifanye nini kabla sijamwambia mtu kwamba naondoka?

Hili ndilo jibu refu kuliko yote hapa, na ningependa ulisome mara mbili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Saa zako ni mali. Kabla hujafungua mdomo, hakikisha daftari lako la saa limejazwa wiki kwa wiki: saa za wagonjwa, za vipimo, za kuandika ripoti, za usimamizi wa ana kwa ana, za usimamizi wa kikundi. Kama ulikuwa unajaza kwa kubahatisha mwisho wa mwezi, kaa chini na kalenda yako ya kazi, urekebishe sasa wakati bado una ruhusa ya kuingia kwenye mfumo. Siku utakayojiuzulu wanaweza kukufungia kompyuta jioni hiyo hiyo. Usichukue jina la mgonjwa wala kumbukumbu yake yoyote. Hesabu za saa ni zako, faili za wagonjwa si zako.

Kisha pata saini ya kila kipindi kilichopita. Huna haja ya kueleza sababu. Msimamizi anayesaini saa kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu anafanya kazi yake ya kawaida tu. Ukimwendea katika hali ya amani na kumwambia, "Daktari, naomba tufunge hesabu za robo hii," atasaini. Ukimwendea baada ya barua ya kujiuzulu, akiwa amekasirika na ana pengo la wafanyakazi, kalamu inakuwa nzito.

Mimi sikufanya hivyo. Nilijiuzulu kwanza, nikaja kuomba saini baadaye. Zilinichukua wiki nyingi za barua pepe zisizojibiwa na usiku mwingi wa kutolala, na hatimaye msimamizi wa pili, mama mmoja mwenye moyo mzuri, ndiye aliyeniokoa kwa sababu yeye alikuwa ameweka kumbukumbu zake binafsi. Sitaki mtu mwingine ategemee bahati ya namna hiyo.

Pata pia nakala za mkataba wako wa postidoki, mkataba wa usimamizi, maelezo ya programu, kila tathmini uliyopewa, na namba za leseni za wasimamizi wako wote. Vitoe nje ya kompyuta ya kazi. Ukiweza, fungua akaunti kwenye hifadhi ya vyeti ya ASPPB, ushirika wa bodi zote za saikolojia za Marekani na Kanada. Ukishahifadhi uthibitisho wa usimamizi huko, utautuma kwenye bodi yoyote miaka kumi baadaye hata kama msimamizi amehama au amefariki.

Mwisho, soma kifungu cha notisi kwenye mkataba. Siku 30 ni kawaida, ila mikataba mingine inataka 60 au zaidi.

Msimamizi anakataa kusaini. Nifanyeje?

Tofautisha kwanza: anakataa kuthibitisha saa, au anakataa kusema ulifanya vizuri? Fomu nyingi za bodi zina sehemu zote mbili. Msimamizi ana haki ya kuwa na maoni kuhusu uwezo wako, na ana wajibu wa kuyasema kweli. Lakini kukana kwamba saa zilifanyika wakati zilifanyika ni jambo jingine, na ni kosa la kimaadili.

Andika barua ya heshima, fupi, yenye tarehe, ukiambatisha daftari lako na tathmini alizokuwa amesaini, ukiomba athibitishe saa tu. Asipojibu, nenda kwa mkurugenzi wa mafunzo. Kama kituo ni mwanachama wa APPIC, ushirika wa vituo vya utarajali na postidoki, wana huduma ya ushauri wa matatizo isiyo rasmi. Mtu wao anaweza kuzungumza na pande zote kabla mambo hayajafika kwenye malalamiko rasmi. Nimeona ikisaidia. Baada ya hapo iulize bodi yenyewe kwa maandishi wanakubali ushahidi gani pale msimamizi asipopatikana. Malalamiko dhidi ya leseni yake yaweke mwisho kabisa. Ni haki yako, lakini huchukua muda mrefu, na wewe unahitaji saa zako sasa.

Nilifanywa mkalimani wa Kiswahili kliniki nzima. Saa hizo ni za leseni?

Nashukuru swali hili linaulizwa, kwa sababu linawagusa wengi wetu na vitabu vya mwongozo havilizungumzii. Kliniki zinazohudumia wakimbizi kutoka Kongo na Burundi zinafurahi kumpata mtu anayejua lugha. Kidogo kidogo unaitwa kwa daktari wa watoto, unaitwa mapokezi, unaitwa kutafsiri fomu ya nyumba. Unafanya kwa sababu yule mama aliyekaa pale ni kama shangazi yako, na huwezi kumwacha akihangaika.

Saa za kukalimani kwa ajili ya mtu mwingine si huduma ya saikolojia, na bodi haitazihesabu. Tathmini ya kisaikolojia uliyoifanya wewe kwa Kiswahili, chini ya msimamizi, inahesabiwa kikamilifu. Kama postidoki yako imegeuka ukalimani, hilo ni jambo la kulipeleka kwa mkurugenzi wa mafunzo kwa maandishi, na kama hawarekebishi, kwangu mimi ni sababu halali ya kuondoka. Wewe ulipewa nafasi ya mafunzo, na mkalimani anastahili kuajiriwa na kulipwa.

Niko kwenye viza. Kuondoka kutaniathiri vipi?

Kwa wewe uliyetoka Nairobi, Arusha au Bujumbura, viza inatangulia leseni. Usijiuzulu kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi na wageni ya chuo, na kama una uwezo, mwanasheria wa uhamiaji.

Aliye kwenye OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu kinachotokana na viza ya wanafunzi ya F-1, kwa kawaida ana miezi 12 ya kazi, na siku zisizozidi 90 kwa jumla za kukaa bila kazi. Siku hizo hazianzi upya ukipata kazi mpya kisha ukaiacha, zinajumlishwa. Nyongeza ya muda wa OPT kwa fani za sayansi inategemea namba ya fani iliyoandikwa kwenye I-20, fomu uliyopewa na chuo kwa ajili ya viza, kwa hiyo itazame namba yenyewe, usikisie.

Aliye kwenye H-1B, viza ya kazi inayoombwa na mwajiri, ana mpaka siku 60 za kupata mwajiri mwingine wa kumwombea, au kubadili hadhi, au kuondoka nchini. Na kama muda wa I-94, rekodi ya mwisho wa ruhusa yako ya kukaa nchini, unaisha kabla ya siku hizo, ndio unaotangulia. Hapa kuna mtego. Vyuo vikuu na hospitali zilizoungana navyo huajiri kwa H-1B bila kupitia ile bahati nasibu ya viza ya kila mwaka. Kliniki binafsi nyingi haziko hivyo. Kwa hiyo ile kazi nzuri uliyoahidiwa na kliniki ya mtaani huenda isiwezekane kisheria mpaka upite kwenye bahati nasibu. Tafuta kwanza chuo kingine au shirika la utafiti lisilo la faida.

Aliye kwenye J-1, viza ya programu za kubadilishana, aliletwa kwa ajili ya programu maalumu. Kuhamia kwingine kunahitaji mdhamini wako akubali na kufanya uhamisho kabla programu haijafungwa. Ukijiuzulu kwanza, huenda hakuna kitu cha kuhamisha.

Postidoki yangu inalipwa na ruzuku ya NIH. Nitadaiwa?

NIH ni taasisi za taifa za afya za Marekani, na T32 na F32 ni ruzuku zake za mafunzo ya utafiti. Kama yako ni mojawapo ya hizo, ndiyo, ikiwa unaondoka ndani ya mwaka wa kwanza, na watu wanashtuka sana wakisikia hivyo kwa sababu walisaini fomu hiyo siku ya kwanza bila kuisoma. Kila mwezi wa miezi 12 ya mwanzo unazaa deni la mwezi mmoja wa kutumikia. Kuanzia mwezi wa 13, kila mwezi unalipa mmoja wa nyuma. Aliyekaa miaka miwili anaondoka akiwa amemaliza deni. Aliyeondoka baada ya miezi saba anadaiwa miezi saba.

Lakini deni hilo halilipwi kwa fedha isipokuwa ukishindwa kulitumikia. Unalilipa kwa kufanya utafiti au kufundisha mambo yanayohusu afya kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki, na lazima uanze ndani ya miaka miwili. Kazi ya chuo kikuu inatosha. Ukienda moja kwa moja kwenye kliniki ya tiba pekee, hapo ndipo fedha pamoja na riba vinapoweza kudaiwa. Jaza fomu ya kumaliza ufadhili kabla ya kuondoka na uweke nakala.

Nifanye mtihani wa EPPP sasa au nisubiri?

Kama bodi yako inakuruhusu, fanya sasa. EPPP ndiyo mtihani wa leseni ya saikolojia unaoandaliwa na ASPPB. Ina maswali 225, ambapo 175 ndiyo yanayotiwa alama, na muda ni saa 4 na dakika 15. Alama ya kufaulu kwa anayetaka kufanya kazi kwa kujitegemea ni 500 katika kipimo cha 200 hadi 800. Ada ya ASPPB ni dola 600, mbali na ya kituo cha mtihani, na huwezi kujaribu zaidi ya mara nne ndani ya miezi 12.

Sababu yangu ya kukuhimiza ni hii: mtihani haujali unafanya kazi wapi. Ukiwa na matokeo mkononi, mwajiri mpya anaona mtu aliyebakiza saa 400. Bila matokeo anaona mtu aliyeacha postidoki. Majimbo mengi yana pia mtihani wao wa sheria. Ni mfupi, soma kanuni za jimbo wiki kadhaa, utapita.

Nitamalizia wapi saa zilizobaki?

Postidoki rasmi nyingi huanza kati ya Julai na Septemba, kwa hiyo ukitoka Februari usizisubiri. Bodi nyingi zinakubali ajira ya kawaida yenye msimamizi mwenye leseni: kituo cha afya ya jamii, kitengo cha ushauri nasaha cha chuo, gereza, hospitali ya jimbo, kliniki ya kikundi. California wanaita nafasi hii mshirika wa saikolojia aliyesajiliwa (registered psychological associate), na usajili huo unafungamana na msimamizi, kwa hiyo mabadiliko ya msimamizi lazima yapitie kwenye bodi. Mwulize mwajiri mtarajiwa swali moja kwa maandishi: nani atanisimamia, ana leseni ya nini, kwa saa ngapi kila wiki? Akijibu kwa kuzungukazunguka, kimbia.

Na katika kipindi hiki usijiite mwanasaikolojia kwenye tangazo, tovuti au kadi. Jina hilo linalindwa na sheria ya jimbo. Una shahada ya uzamivu, hilo hakuna wa kukunyang'anya, lakini huwezi kufungua ofisi yako mwenyewe kwa saa zilizobaki.

Wagonjwa wangu je?

Kanuni za maadili za APA zinatutaka tupange mapema pale huduma inapokatika na tuhakikishe mgonjwa ana pa kwenda. Wape taarifa wiki chache kabla, uwe na angalau kikao kimoja cha kuagana, na mkabidhi kila mmoja kwa mtu mwenye jina, usimwache kwenye foleni ya kusubiri. Usiwaeleze ugomvi wako na kituo. Kwa wagonjwa waliokimbia vita, kuondoka kwako kunaweza kufanana na watu wengine walioondoka bila kuaga. Kama utaharakisha mengine yote, hili usiliharakishe.

Nitapoteza nini nisipopata cheti cha kumaliza?

Inategemea fani. Kwa saikolojia ya neva gharama ni kubwa: mkutano wa Houston wa 1997 uliweka kiwango cha miaka miwili ya mafunzo baada ya uzamivu, na bodi ya ubingwa wa fani hiyo inakifuata. Huko ningekushauri uhamie programu nyingine badala ya kuacha kabisa. Kwa saikolojia ya tiba ya kawaida hasara ni ndogo. Hospitali za maveterani zinatazama utarajali ulioidhinishwa, na zinaweza kumwajiri asiye na leseni kwa sharti aipate ndani ya miaka miwili. Makubaliano ya PSYPACT, yanayomruhusu mwenye leseni kuhudumia kwa mtandao zaidi ya majimbo 40, hayaulizi kama ulimaliza postidoki. California na New York hazimo humo, lifikirie hilo unapochagua jimbo.

Fomu ya leseni inauliza kama nimewahi kuacha mafunzo. Niandike nini?

Ukweli, kwa sentensi mbili au tatu. "Nilijiuzulu mwezi Februari baada ya miezi minane kwa sababu za kifamilia. Sikuwa chini ya uchunguzi wala adhabu yoyote, na nimeambatisha uthibitisho wa saa." Bodi husamehe kujiuzulu kirahisi kuliko kuficha. Kama uliondoka ukiwa na mpango wa marekebisho au uchunguzi, tafuta mwanasheria wa mambo ya leseni kabla ya kujaza.

Bima ya afya?

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima akupe nafasi ya kuendelea na bima kwa utaratibu wa COBRA, mpaka miezi 18. Una siku 60 za kuamua. Ni ghali kwa sababu unalipa sehemu yako na ya mwajiri, kwa hiyo linganisha na bima ya soko la jimbo.

Kuna wakati ambao unashauri mtu asiondoke?

Upo. Kama umebakiza wiki sita au nane, wasimamizi ni watu wa haki na unachosumbuliwa nacho ni uchovu, omba likizo, omba kupunguziwa mzigo, malizia. Kama unanyanyaswa, unalazimishwa kuandika saa za uongo, au unahudumia wagonjwa hatari bila usimamizi, usikae kwa ajili ya saa. Saa utazipata kwingine.

Nikirudi Kenya, saa hizi zitanisaidia?

Kenya ina sheria yake, ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi yake. Huombi kwa leseni ya jimbo la Marekani, unaomba upya. Hata hivyo beba nakala zote, zikiwemo daftari la saa na barua za wasimamizi. Ni vigumu sana kuzipata ukiwa umeshavuka bahari.

Nyumbani wanaamini nilishakuwa daktari. Niwaambie nini?

Mama yangu alidhani mambo yalikwisha siku ya joho. Kueleza kwamba baada ya udaktari kuna mwaka mwingine, na kwamba mwaka huo nimeuacha, kulinichosha kuliko fomu zote. Mwishowe nilimwambia hivi: "Mama, nimebadilisha kituo cha kazi, mtihani naufanya Juni, leseni naitarajia mwisho wa mwaka." Yote yalikuwa kweli. Akaniuliza kama ninakula vizuri, akaniombea, tukazungumza habari za arusi ya binamu yangu.